Kilomita 21 bila kukata moto njiani: mwongozo kamili wa wiki 12

Malalamiko ya wanaokimbia nusu marathoni kwa mara ya kwanza yanafanana kama mapacha. Mpaka kilomita ya 12 au 13 mambo ni safi, watu wanapitwa, picha zinapigwa. Kufika ya 15 mapaja yamekuwa magogo, na kilomita sita za mwisho zinamalizwa kwa kutembea, mikono kiunoni. Wengi huona tatizo ni pumzi ndogo, kwa hiyo wakirudi nyumbani wanaongeza kasi ya mazoezi. Msimu unaofuata wanakatia moto palepale. Kasi ndiyo iliyowaangusha tangu mwanzo: walifanya mazoezi mbio mno, kisha wakaanza shindano mbio mno.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anakimbia kilomita 5 bila kusimama, mara tatu au nne kwa wiki. Kama hujafika hapo, jipe kwanza wiki sita hadi nane za kuchanganya kukimbia na kutembea. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo au selimundu, na yeyote aliyewahi kuzimia au kubanwa kifua akiwa mazoezini, amwone daktari kabla ya wiki ya kwanza.

## Vitu vya kuandaa

- Raba za kukimbilia, jozi moja nzuri
- Soksi jozi tatu zisizo za pamba tupu. Pamba hunyonya jasho, hulowa na kuleta malengelenge
- Fulana na kaptula au taiti nyepesi. Kwa wanawake, sidiria ya mazoezi inayobana vizuri
- Saa yenye kipima mwendo, au simu yenye programu ya kupima umbali
- Mafuta ya mgando kwa ajili ya mapaja, kwapa na chuchu
- Chupa ya maji ya nusu lita
- Kizibao chenye kung'aa kwa wanaokimbia gizani
- Mizani ya kupimia uzito, hata ya kuazima
- Daftari dogo

### Kuhusu raba, hasa za mtumba

Wengi wetu tunanunua mtumba, na hakuna ubaya, ila jina la kampuni lisikudanganye. Raba ya kukimbilia inachoka ikifika kati ya kilomita 500 na 800, na huchoka ndani kabla ya kuchoka nje. Sokoni, kagua hivi.

Bonyeza sponji ya pembeni, kati ya soli na kitambaa, kwa kidole gumba. Inapaswa kubonyea na kurudi. Ikiwa ngumu kama kipande cha sabuni, irudishe. Tazama kama sponji hiyo ina mikunjo mingi ya mlalo chini ya kisigino: hiyo imeshakandamizwa na uzito wa mtu mwingine. Kisha iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikiegemea upande mmoja, itakuegemeza na wewe pia, na goti ndilo litakalolipa. Mwisho, ikunje pale vidole vinapojikunja na uvute ncha ya soli. Raba iliyokaa ghalani miaka mingi inaweza kuonekana mpya kabisa, lakini gundi yake imekufa na soli itabanduka wiki ya tatu.

Ijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi za mazoezi. Mbele ya kidole kirefu zaidi ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kucha nyeusi baada ya mbio ndefu karibu daima ni raba fupi au kamba zilizolegea, mguu ukateleza mbele.

## Hatua ya 1: Jifunze kukimbia polepole (wiki 1 hadi 3)

Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi.

Umewahi kukimbia mchakamchaka shuleni? Mmoja anaimba, wengine wanaitikia, na mstari mzima unakwenda. Kasi ile ilikuwa sahihi kwa sababu wimbo ulikuwa kipimo: asiyeweza kuitikia alijulikana papo hapo kwamba kazidiwa. Kasi yako ya kila siku iwe ya mchakamchaka. Imba ubeti mmoja wa wimbo wa taifa kwa sauti ya kawaida ukiwa unakimbia. Ukilazimika kuvuta pumzi katikati ya neno, punguza.

Kwa anayekimbia kilomita 10 kwa dakika 66, yaani 6:36 (dakika 6 na sekunde 36) kwa kilomita, mwendo mwepesi utakuwa kati ya 7:40 na 8:00. Utaona aibu. Kuna watu watakupita, na bodaboda mmoja atakuuliza kama unaumwa. Endelea.

Sababu ni hii. Kwenye mwendo mwepesi misuli hutumia mafuta mengi zaidi na sukari kidogo. Ukirudia mwendo huo kwa wiki nyingi, moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, mishipa midogo huongezeka ndani ya misuli, na akiba ya sukari hudumu zaidi. Mazoezi ya kasi kila siku hayajengi msingi huo vizuri. Yanakuchosha tu na kukuacha ukidhani umefanya kazi kubwa.

Ratiba ya wiki ni siku nne:

- Jumatatu: mwepesi, kilomita 5
- Jumatano: mwepesi, kilomita 5, kisha mikimbio minne hadi sita ya sekunde 20 kwa kasi ya kupendeza, si ya kufa na kupona, ukitembea dakika moja kati yake
- Alhamisi: mwepesi, kilomita 4
- Jumamosi: mbio ndefu

Anayependa mbio ndefu Jumapili azisogeze zote kwa siku moja. Kisichobadilika ni kwamba siku baada ya mbio ndefu ni ya kupumzika.

Onyo. Ukikimbia na kikundi, jihadhari. Vikundi vingi vya mazoezi huanza kwa maongezi na kuishia kwa mashindano. Kama kikundi chako kina tabia hiyo, kimbia nacho siku ya Jumatano peke yake.

Hatua imefanikiwa pale unapomaliza kilomita 5 ukiona ungeweza kuzirudia, na kesho yake unashuka ngazi bila kushika ukuta.

## Hatua ya 2: Jenga mbio ndefu (wiki 1 hadi 11)

Umbali wa Jumamosi unapanda hivi, kwa kilomita:

- Wiki 1: 7
- Wiki 2: 8
- Wiki 3: 10
- Wiki 4: 8
- Wiki 5: 11
- Wiki 6: 13
- Wiki 7: 14
- Wiki 8: 11, ambazo ni za kipimo (tazama hatua ya 4)
- Wiki 9: 16
- Wiki 10: 18
- Wiki 11: 12
- Wiki 12: shindano

Wiki ya 4 na ya 8 zinashuka kwa makusudi. Moyo na mapafu huzoea kazi haraka. Kano na mifupa huchelewa. Mtu anayepandisha umbali kila wiki bila kupumzika hujisikia shujaa hadi wiki ya tano, halafu muundi unaanza kuuma.

Huhitaji kukimbia 21 kabla ya siku yenyewe. Mwenye miguu iliyofika 18 kwa mwendo mwepesi atamaliza 21. Anayelazimisha 21 wiki mbili kabla ya shindano huenda huko akiwa bado na uchovu wake.

Siku za katikati ya wiki nazo zinapanda kidogo. Kuanzia wiki ya 5, Jumatatu iwe kilomita 6 au 7, Alhamisi 5. Ukikosa siku moja kwa kazi, msiba au mvua, iache ipite. Usiirundike juu ya nyingine. Ukikosa wiki nzima, rudia wiki uliyokuwa umefikia.

Chagua njia ya mzunguko wa kilomita 4 au 5 inayopita karibu na nyumbani au dukani. Maji yatakuwa karibu, choo kitakuwa karibu, na ukiumia hutakuwa kilomita tisa kutoka kwako ukiwa huna nauli. Barabara ya vumbi iliyoshikamana ni bora kwa miguu kuliko lami. Mchanga laini wa pwani unavuta kano ya kisigino, kwa hiyo kama ni ufukweni, subiri maji yakupwe ukimbie kwenye mchanga mgumu.

Kwa kuwa magari yetu yanapita kushoto, wewe kimbia upande wa kulia, uyaone yanayokuja. Wanawake wengi hawako salama peke yao alfajiri, hivyo ni afadhali kuchelewa nusu saa na kuwa na mwenzio. Mbwa akikujia, usikimbie. Simama, mtazame, tembea kinyumenyume hadi utoke kwenye eneo lake.

Wafungao Ramadhani waweke mbio ndefu usiku, saa mbili au tatu baada ya futari nyepesi, na wapunguze theluthi moja ya umbali. Kilomita nne au tano za mwepesi zinaweza kuwekwa nusu saa kabla ya magharibi ili umalizie kwenye maji na tende. Mbio ndefu mchana wa saumu kwenye joto, hapana.

## Hatua ya 3: Panda, kisha jifunze kushuka (wiki 4 hadi 7)

Sasa Jumatano inabadilika. Tafuta mlima wa wastani, ule ambao baiskeli inaupanda bila mtu kushuka. Jipashe moto kwa kilomita 2 nyepesi. Panda kwa sekunde 60 kwa nguvu, macho mbele, hatua fupi, mikono ikivuta. Shuka kwa kutembea. Rudia mara 5 wiki ya 4, mara 6 wiki ya 5, mara 8 wiki ya 6 na ya 7. Malizia kilomita 2 nyepesi.

Mlima unajenga nguvu za mapaja na matako bila kukulazimisha kukimbia kasi ya hatari kwenye tambarare. Dar es Salaam milima ni ya kutafuta, lakini Kimara na Goba ipo ya kutosha. Nairobi mlima unakutafuta wenyewe.

Kushuka ndiko kunakosahaulika. Ukikimbia kuteremka, msuli wa mbele wa paja unajikaza huku ukivutwa kurefuka, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Ndiyo maana maumivu huja kesho na kesho kutwa. Habari njema ni kwamba msuli hujifunza upesi: mara mbili au tatu za kuteremka kwa kiasi zinatosha kuulinda kwa wiki kadhaa.

Mfano mzuri ni nusu marathoni ya Kilimanjaro, inayofanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Nusu ya kwanza inapanda kutoka mjini kuelekea Mweka, nusu ya pili inarudi kwa mteremko. Wageni wanajiandaa kwa kupanda tu. Wakishageuka wanaona kazi imekwisha, wanaachia miguu, na kilomita tano baadaye mapaja yanatetemeka kwenye mteremko ambao ungepaswa kuwa zawadi.

Kwa hiyo wiki ya 7 na ya 9, malizia mbio ndefu kwa kilomita 2 za mteremko mpole. Hatua ziwe fupi na za haraka, mwili uegemee mbele kidogo kutoka vifundoni, mguu utue chini ya nyonga. Ukisikia raba inapiga lami "pa! pa! pa!", unafunga breki kwa kisigino. Fupisha hatua hadi sauti ipungue.

Ikifika wiki ya 7, mpando wa nane unapaswa kufika palepale ulipofika mpando wa kwanza. Ukiwa unapungukiwa mita kumi au ishirini, ulianza kwa pupa.

## Hatua ya 4: Pima, upate kasi ya siku ya mbio (wiki ya 8)

Hapa ndipo ndoto inapokutana na hesabu. Jumamosi ya wiki ya 8, kimbia kilomita 1 nyepesi, halafu kilomita 10 kwa jitihada yote unayoweza kuidumisha sawasawa. Chagua njia tambarare na saa za ubaridi. Andika muda.

Zidisha muda huo kwa 2.2 kama wiki zako nzito zimepita kilomita 35, kwa 2.3 kama hazijafika. Mtu wa dakika 66 mwenye wiki ndogo anapata dakika 152, yaani saa 2 na dakika 32. Kasi yake ni 7:12 kwa kilomita. Mwenye wiki nzito na muda uleule anapata saa 2 na dakika 25, kasi 6:53.

Kwa kumbukumbu, nusu marathoni ni kilomita 21.0975, na kasi hutoa muda huu:

- 5:41 kwa kilomita: saa 1, dakika 59, sekunde 54
- 6:00: saa 2:06:35
- 6:30: saa 2:17:08
- 7:00: saa 2:27:41
- 7:30: saa 2:38:14
- 8:00: saa 2:48:47

Jibu likikuumiza, likubali hivyohivyo. Anayetaka kuvunja saa mbili kwa sababu jirani alivunja, huku kumi zake ni dakika 62, anajiandalia kutembea kuanzia kilomita ya 15.

Kasi hiyo ni ya njia tambarare na hali ya hewa ya wastani. Kwenye joto na unyevu wa pwani, ongeza sekunde 20 hadi 40 kwa kila kilomita. Anayetoka usawa wa bahari kwenda kukimbia Nairobi, takriban mita 1,700 juu, naye apunguze kasi. Pumzi itamkumbusha ndani ya dakika kumi.

## Hatua ya 5: Zoea kasi ya siku ya mbio (wiki 9 hadi 11)

Jumatano ya wiki ya 9: kilomita 2 nyepesi, kilomita 3 kwa kasi uliyoipata, dakika 3 za kutembea, kilomita 3 tena, kisha 1 nyepesi. Wiki ya 10: kilomita 2 nyepesi, 5 mfululizo kwa kasi hiyo, 1 nyepesi. Wiki ya 11: 2 nyepesi, 3 kwa kasi, 1 nyepesi.

Lengo ni mwili ukariri mwendo, uutambue bila saa. Jaribu kukisia muda wa kilomita kabla hujatazama. Ukikosea kwa sekunde zisizozidi tano kila mara, umeiva. Kosa la hapa ni kukimbia kasi zaidi kwa sababu "najisikia vizuri". Kujisikia vizuri ndiyo dalili kwamba kasi ni sahihi.

## Hatua ya 6: Fanya mazoezi ya tumbo (kuanzia wiki ya 6)

Tumbo nalo hufundishwa. Kwa mbio zinazozidi dakika 75, mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ya wastani ina karibu gramu 25. Tende ndogo tano, karibu 30. Jeli za wakimbiaji huwa na gramu 20 hadi 25 na zinywewe kwa maji matupu, la sivyo tumbo linavuruga.

Kinywaji cha nyumbani kinatosha kabisa: lita 1 ya maji safi, vijiko 15 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu moja. Hiyo ni takriban gramu 60 za sukari. Usizidishe. Kinywaji kitamu mno hukaa tumboni na kugeuka kichefuchefu, na ndiyo maana soda au juisi ya miwa katikati ya mbio huwashinda wengi.

Kujua unywe kiasi gani, jipime uzito bila nguo, kimbia saa moja, jifute jasho, jipime tena. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho; ongeza na maji uliyokunywa njiani. Huna haja ya kurudisha yote wakati unakimbia. Kunywa ukisikia kiu, mafunda machache kila baada ya dakika 15 hadi 20.

Onyo. Ukijikuta umeongezeka uzito baada ya mbio, umekunywa kupita kiasi. Maji matupu mengi hushusha chumvi ya damu: kichwa kinauma, vidole vinavimba, kichefuchefu, na ikizidi mtu anachanganyikiwa na kupoteza fahamu. Wanaokimbia polepole ndio walio hatarini zaidi, kwa kuwa wanapita kila meza ya maji wakiwa na nafasi ya kunywa chupa nzima.

Jaribu pia kifungua kinywa cha siku ya shindano kabla ya mbio ndefu tatu. Mkate mweupe slesi mbili au tatu na asali, au uji mwepesi wa sembe, au viazi vitamu vilivyochemshwa, saa mbili na nusu hadi tatu kabla. Uji wa lishe wenye karanga na soya ni mzuri sana, lakini siku nyingine.

## Maumivu: yapi ya kuvumilia, yapi ya kusimama

Uchovu wa misuli pande zote mbili, unaopungua ukishapasha mwili moto, ni wa kawaida. Punguza siku moja.

Maumivu ya upande mmoja yanayoongezeka kadiri unavyokimbia ni ya kusimama. Ukichechemea, simama hata kama umebakiza mita mia mbili. Muundi ukiuma kwa urefu wake, punguza umbali kwa nusu kwa wiki moja na hamia njia ya vumbi. Lakini ukiweza kugusa sehemu moja ya mfupa kwa ncha ya kidole na kuruka kwa maumivu, au ukiuma hata usiku umelala, acha kukimbia kabisa na uende hospitali. Huo unaweza kuwa ufa kwenye mfupa, na ufa haukimbiliwi.

Kichomi cha ubavuni kinatulizwa kwa kupunguza mwendo na kutoa pumzi ndefu kwa nguvu mara kadhaa. Malengelenge madogo yaache. Makubwa yanayouma yatobolewe pembeni kwa sindano safi na kufunikwa bila kuchuna ngozi.

Ukiwa na homa, hakuna mazoezi, iwe malaria au mafua makali. Na usimeze ibuprofeni wala diklofenaki ili uweze kukimbia. Dawa hizo hufunika onyo la mwili, na zikichanganyika na upungufu wa maji huumiza figo.

## Hatua ya 7: Wiki ya mwisho

Huwezi kuongeza pumzi wiki hii. Unaweza tu kuziharibu.

Jumatatu kilomita 5 nyepesi. Jumatano kilomita 4, mbili za katikati kwa kasi ya shindano. Alhamisi pumzika. Siku moja kabla, dakika 15 nyepesi au kutembea. Miguu itajisikia mizito na vijiumivu vya ajabu vitatokea. Ni kawaida ya mwili unaojijenga.

Siku mbili za mwisho ongeza wali, ugali, viazi na chapati, punguza maharage, kabichi, pilipili na nyama choma. Shibe ya kawaida inatosha. Sahani ya mlima usiku wa kuamkia mbio huishia chooni. Usingizi wa maana ni wa usiku wa juzi. Usiku wenyewe wengi hawalali vizuri na bado wanakimbia vyema.

Chukua namba yako ya kifuani mapema. Ibane kwa pini nne kwenye fulana utakayovaa, ambayo umeshaifanyia mbio ndefu. Fulana ya bure ya waandaaji ivae baada ya kumaliza: mshono mpya kwapani kwa saa mbili na nusu ni kama msasa.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe, kilomita kwa kilomita

Mbio zikianza saa 12 asubuhi, amka saa 9 usiku, kula, rudi kujilaza. Paka mafuta ya mgando. Fika uwanjani saa moja kabla na upange foleni ya choo kwanza kabla ya kusalimiana na watu.

Simama nyuma. Kwenye mashindano yenye chipu, kile kidude cha kupima muda wa kila mkimbiaji, muda wako halisi unaanza ukivuka mstari, kwa hiyo hupotezi kitu. Ukisimama mbele na vijana wa dakika 70, wimbi lao litakubeba.

Kilomita 0 hadi 3. Kimbia sekunde 10 hadi 15 polepole kuliko kasi uliyopima, kwa kila kilomita. Muziki unapiga, umati unashangilia, miguu imepumzika wiki nzima: ile 7:12 ya mtu wetu wa dakika 66 itaonekana kama kutembea. Sekunde utakazopoteza hapa hazizidi 45. Anayeanza kwa 6:30 hulipa kwa dakika kumi mwishoni.

Kilomita 3 hadi 10. Ingia kwenye kasi yako. Uweze kusema sentensi fupi. Kwenye kila meza ya maji chukua mafunda mawili matatu; wakitoa chupa, kunywa kidogo, mwaga kichwani na shingoni, na uitupe pembeni kabisa, si miguuni kwa mwenzako. Anza kula wanga dakika ya 35 hadi 40, kabla hujasikia njaa.

Usibishane na saa. Kipima mwendo huhesabu kila kona unayoipanua, hivyo kitakuonyesha 21.2 au 21.4 mwishoni. Fuata vibao vya barabarani.

Kilomita 10 hadi 16. Hapa unapaswa kuanza kuwapita watu. Wale waliokupita kwenye ya pili wapo mbele kidogo, wameanza kushika kiuno. Usiwafukuze, watakuja wenyewe. Kula tena karibu na dakika ya 80. Mlimani linda jitihada, si kasi: ruhusu sekunde 30 zipotee, utazirudisha kiasi kwenye mteremko.

Kilomita 16 hadi 21. Itauma, na ni haki yake kuuma. Fupisha hatua, tikisa mikono, chagua mtu mmoja mbele na umkaribie taratibu. Kama una akiba, ongeza kasi kwa kupunguza sekunde 5 kwa kilomita kuanzia ya 18.

Simama mara moja ukibanwa kifua, ukizidiwa na kizunguzungu, ukihisi baridi au kusisimka ngozi kwenye jua kali, au ukishindwa kujibu swali rahisi. Ukimwona mwenzako anayumba na kuongea yasiyoeleweka, mpeleke kivulini, mmwagie maji mengi mwili mzima, mpepee, na uite huduma ya kwanza. Usimlazimishe kunywa.

Umefanikiwa kama nusu ya pili ya muda wako inalingana na ya kwanza, au imeizidi kwa dakika mbili tatu tu.

## Baada ya mstari

Usikae chini. Tembea dakika 10 hadi 15, la sivyo damu inabaki miguuni na unaweza kuzimia huku medali iko shingoni. Kunywa kidogo kidogo, kula kitu chenye chumvi na wanga ndani ya saa moja, kisha chakula kamili chenye mayai, samaki au maharage ambayo ulipunguziwa siku mbili za mwisho.

Siku tatu tembea tu. Siku ya nne au ya tano, kilomita 3 kwa kasi ya mchakamchaka. Mazoezi ya kasi yasubiri wiki mbili.

Raba toa kamba, zijaze magazeti, zikauke kivulini. Jua la bati linaua gundi.